Mzee Aliyembeba Njiti Nyuma ya Ukuta

Wanangu, kila mkija hapa kwangu Iringa mnakaa kwenye makochi, mnafungua vishikwambi vyenu, halafu mnaniuliza swali lile lile: "Mama, mtafiti mzuri wa afya ni yupi?" Nami nawaambia kunyweni chai kwanza, inapoa. Siyo kwamba nawakwepa. Jibu ninalo, ila ni refu, linaniuma, na mkinikatisha katikati nitanuna. Mimi ni Mhehe, kununa sikufundishwa chuoni. Basi nimeliandika, mkalisome kwenu.

Nilianza kazi nikiwa nesi. Baadaye nikarudi shule nikawa tabibu, nikaanza kuandika dawa badala ya kuzigawa. Halafu utafiti ukanichukua, na huko ndiko nilikozeekea, mara Iringa, mara Mbeya, mara kwenye vumbi la Mbarali. Wodini waliniita Sista Tabibu, na msidhani lilikuwa jina la sifa. Saa ya chai manesi waliniambia niende kwa madaktari wenzangu, na madaktari wakiniona wanadhani nimekuja kuwapima presha. Chai nyingi nimeinywa nimesimama mlangoni. Lakini aliyesimama mlangoni anaona vyumba vyote viwili. Daktari anajua mgonjwa anaumwa nini, nesi anajua mgonjwa anaogopa nini, na utafiti wa afya unayataka yote mawili. Ukiwa na moja tu utachechemea.

Aliyenifundisha kutazama ni matroni wetu wa kwanza hapa Iringa, mama mfupi, mkali, ambaye viatu vyake ukivisikia koridoni unaanza kutafuta cha kufanya. Alikuwa anakuuliza: "Mgonjwa wa dirishani ameshika nini mkononi?" Wewe una joto lake, una mapigo yake, kila kitu umejaza. Hujui ameshika nini. Anakurudisha. Unakuta ameshika kiatu kimoja cha mtoto, na hapo ndipo unapojua kwa nini hali chakula. Matroni yule alikuwa hapongezi mtu. Ukifanya vizuri ananyamaza tu, na sisi tuliufurahia ule ukimya kuliko mshahara.

Nikadhani nimeelewa somo. Hapana, bado. Miaka mingi baadaye tulikwenda Ubaruku na dodoso la vyandarua. Tukauliza nyumba kwa nyumba: mnacho chandarua, mnakitumia? Wote wakajibu tunacho, tena tunakitumia kila siku. Mimi nafurahi, naandika, kichwa kimevimba. Mpaka tukafika kwa mama mmoja mchangamfu akatuuliza, "Mnataka kukiona?" Akatupitisha nyuma ya nyumba, kando ya mfereji, akatuonyesha kitalu cha mpunga. Chandarua kimetandazwa vizuri juu ya miche, pembe zote zimekandamizwa kwa mawe. "Ndege wamekoma kabisa," akasema. Kwenye dodoso hatukuuliza kinamlinda nani. Ndani ya gari tulicheka mpaka Rujewa. Ila nyumbani kwa mama yule nilikuwa nimeona mtoto amelala mkekani na homa yake, na tulipofika Rujewa kicheko kilishaniishia.

Hayo ni ya utangulizi. Ninalotaka kuwaambia hasa ni la watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao.

Nyie mmekuta mambo yamenyooka. Wakati wetu njiti akizaliwa tunamfunika pamba, tunamweka kwenye boksi, pembeni tunapanga chupa za maji ya moto. Chupa zikipoa, naye anapoa. Baadaye zikaja mashine za joto, lakini umeme ukikatika ni yale yale, na baridi ya huku kwetu mnaijua, Juni haina huruma na mtu mzima, sembuse kiumbe anayeenea kwenye kiganja. Tulikuwa tunawafunika vitambaa vidogo na kuwapa mama zao wakazike. Nimewapa wengi. Siwezi kusema nilizoea, maana sikuzoea.

Halafu tukaambiwa dawa ni kifua cha mama. Mtoto avuliwe, abaki na nepi na kofia ya sufu, alazwe wima kati ya maziwa ya mama, ngozi kwa ngozi, afungwe kwa kitenge, akae hapo mchana na usiku. Tuliguna. Tumesoma miaka yote hiyo tuje kuambiwa kifua? Lakini watoto wakaanza kupona mbele ya macho yetu. Tukanyamaza, tukajifunza kufunga vitenge.

Shida ikawa moja: mama naye ni mtu. Anaumwa, anachoka, anataka kwenda chooni, anataka kuoga. Kwa hiyo kwenye hospitali moja ya Mbeya tukaanza utafiti wa kujua nani anampokea mama huyu. Kwenye kishikwambi changu kulikuwa na swali, "Nani anambeba mtoto?" Majibu ya kuchagua yalikuwa mama, baba, bibi, mwingine. Tulilipanga wenyewe swali lile, tukaliona limekamilika.

Ndipo akaletwa Atupele.

Alikuwa binti wa Kyela, ameolewa milimani Rungwe, mimba yake ya kwanza. Kifafa cha mimba kilimshika nyumbani, akafika kwetu hajitambui. Wakampasua, mtoto wa kike akatoka kabla ya wakati, kadogo, ngozi nyembamba unaona mishipa. Atupele alipozinduka swali lake la kwanza lilikuwa, "Analia?" Nikamwambia analia kidogo. Akasema, "Kidogo kinatosha."

Akambeba mwenyewe mwanzoni. Lakini mwili ukaanza kuvimba, pumzi ikawa fupi, figo zikagoma. Kila tukimlaza mtoto kifuani mama anatweta. Ikabidi tumtoe, na tukimtoa mtoto anapoa. Sista Rehema, nesi mkuu wa wodi, Mwislamu wa Iringa mjini, mama mwenye mikono ya joto hata alfajiri, alimbeba ndani ya gauni lake la kazi muda alioweza. Lakini wodi ilikuwa imejaa, na nesi mmoja hawezi kuwa kifua cha kila mtu.

Tukatafuta ndugu. Mume, Lusekelo, alikuwa utingo wa lori la mizigo ya Kongo, foleni imemkwamisha mpakani Kasumbalesa. Mama mkwe alishafariki. Mama mzazi wa Atupele yuko Kyela, amepooza upande. Wifi yuko Dar. Nikauliza, basi chakula hiki cha kila siku kinaletwa na nani? Maana kila siku kulikuwa na maziwa kwenye galoni na ndizi za kupika.

"Baba mkwe wake," Sista Rehema akanijibu. "Anakaa pale nje ukutani. Hataki kuingia."

Nikatoka. Nikamkuta mzee mrefu, amejikunja ndani ya koti, kofia imefunika masikio. Anaitwa Mzee Asajile. Nikamwamkia shikamoo baba, akaitikia, nikamwambia ingia ndani, baridi hii itakuua.

"Mkwe wangu yumo humo," akasema, kama vile hilo linatosha.

Kwa ambao hamjui: kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwanao na wewe baba mkwe hamkutani uso kwa uso. Hamkai chumba kimoja. Akikuona njiani anatoka pembeni, anajifunika, na wewe unageukia upande mwingine mpaka apite. Ni heshima. Vijana wa mjini wameiacha, wengi wanakula na wakwe zao meza moja, lakini nyumbani kwa Mzee Asajile ilikuwa bado inashikwa. Tangu Atupele aolewe, walikuwa wanaishi ua mmoja na mzee hajawahi kumtazama usoni.

Nikamweleza hali, sikumficha. Mama anaumwa sana. Mtoto hana tatizo jingine zaidi ya baridi, akipata kifua anaishi, akikosa tunampoteza. Mzee akafikiri, akauliza, "Mnataka kifua tu?"

"Kifua tu, baba."

"Hicho hata mimi ninacho."

Daktari wa zamu, kijana mzuri mwenye haraka, akasema aingie basi, tuvute pazia, mila zingoje nje, hapa kuna mtu anakufa. Nami nilikuwa upande wake, siwadanganyi. Nikamrudia mzee nikamwambia Atupele ni mgonjwa, hata hajali nani yuko chumbani, mila zinajua kusamehe.

Mzee akatikisa kichwa. "Sista, angekuwa mzima angenikwepa mwenyewe. Sasa hawezi hata kunyanyuka. Anikwepe vipi? Zamu hii ni mimi wa kumkwepa."

Nilikuwa nimeiona mila kama mzigo ambao mgonjwa amebebeshwa, kumbe mzee aliiona kama blanketi la mgonjwa, na alikuwa anakataa kumfunua.

Rehema ndiye aliyepata njia. Chumba alicholazwa Atupele kilipakana na stoo ya mashuka, katikati ukuta wa mbao. Akahamisha mashuka upande mmoja, akaweka kiti cha kuegemea, akamwingiza mzee kwa mlango wa nyuma. Mzee akanawa kwa sabuni mpaka viwiko. Akavua koti, akavua sweta, akavua shati, akabaki na kifua chembamba chenye mvi. Aliona haya, nasi tukageuka kidogo. Tukamlaza mtoto, tukafunga kitenge, tukamvisha mzee sweta lake juu. Nikakaa pale na kipimajoto. Joto likapanda taratibu, na kale katoto kakaanza kupata rangi. Mzee alikuwa hapumui vizuri kwa kuogopa kukaamsha.

"Pumua, baba," nikamwambia. "Kanapenda kusikia unapumua."

Kwenye kishikwambi nikabonyeza "mwingine". Ikaniuliza ni nani, nikaandika "babu". Jioni mwenzangu wa ofisini akanipigia: "Sista Tabibu, hapa umekosea, umeandika babu, ulimaanisha bibi?" Nikamwambia wewe baki huko unyonyeshe kompyuta yako, sisi huku tuna babu. Tukacheka wote wawili. Nilikihitaji kicheko kile.

Basi tukaishi hivyo. Maziwa ya Atupele tunayakamua kwenye kikombe, nayapeleka upande wa pili, mtoto ananyweshwa kwa mrija. Mzee anasema kwa sauti yake ya kawaida, "Sista, mwambie mama wa mtoto, amepiga chafya." Atupele amesikia kila neno, mbao zile hazizuii kitu, lakini anageuza macho kwangu anangoja. Mimi nazunguka kutoka stoo, naingia chumbani, namwambia, "Mtoto amepiga chafya." Ndipo anatabasamu. Anasema, "Muulize baba kama amekula." Nazunguka tena. Mzee anajibu amekula, nami narudi na jibu ambalo limeshafika kabla yangu. Mwanzoni nilijiona mjinga, mwanamke mzima, tabibu, mtafiti, nabeba maneno kama mtoto anayetumwa sukari. Baadaye nikaona wale watu wawili wanaongea kwa mara ya kwanza maishani mwao, na hiyo ndiyo njia pekee waliyokuwa nayo. Nikawa natembea haraka zaidi.

Mchana mzee alikuwa anaimba nyimbo za kanisani kwa Kinyakyusa, chini chini, kumbembeleza mtoto. Atupele alikuwa anafumba macho anasikiliza. Siku moja akaniambia, "Nyumbani huwa hathubutu kuimba nikiwa karibu." Akacheka, akaweka mkono mdomoni, maana alikuwa na mwanya mpana wa mbele na aliuonea aibu. Mimi nikamwambia mwanya ni uzuri, wenzio wanautafuta. Akasema, "Ndivyo Lusekelo alivyonidanganya mpaka nikaolewa."

Alipelekwa kusafishwa damu kwa mashine, akarudishwa, akapelekwa tena. Madaktari walifanya yote waliyoweza, na kijana yule mwenye haraka hakuondoka zamu zake zilipoisha. Lakini mapafu yakajaa maji. Nilikuwa nimeshika mkono wake ule mchana. Akaniuliza kwa taabu, "Baba bado amemshika?"

"Amemshika."

"Mwambie ndaga fijo." Yaani asante sana.

Nikainuka kuzunguka. Kabla sijafika mlangoni nikasikia mzee ameanza kujibu kutoka upande wa pili, yeye mwenyewe, bila kunisubiri. Alisema kitu kifupi kwa Kinyakyusa. Sikukielewa, na sikuwahi kumuuliza ni nini. Atupele alikielewa. Baada ya hapo hakusema tena, na kabla jua halijaondoka dirishani akafa.

Niliingia stoo nikiwa nimefuta uso. Haikusaidia, mzee alikuwa ameshasikia kila kitu, miguu yetu, vyuma vya kitanda, ukimya. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kwenye kofia ya mtoto, na mikono yote miwili ameifunga mgongoni kwa mtoto, hawezi kujifuta. Nikamfuta mimi, kwa shuka la hospitali. Nikamuuliza kama anataka kumwona mkwewe kabla hajapelekwa chumba cha maiti, nikamwambia sasa haina neno.

"Akiwa hai hakutaka nimwone," akasema. "Leo nimwibie?"

Nilitoka nje nikalia nyuma ya chumba cha kufulia, nikalia kwa sauti, na Rehema akaja akasimama tu pembeni yangu. Wanangu, msije mkaambiwa kwamba mtafiti halii. Analia, ananawa uso, anarudi.

Lusekelo alifika akiwa na vumbi la njia nzima, akaenda na ndugu kuzika kwao Rungwe. Wakamwambia mzee twende, yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Akakataa. Mtoto alikuwa hajafikia uzito wa kutoka, na hapakuwa na kifua kingine. Siku wanamzika Atupele, mzee alibaki stoo, katikati ya mashuka, na mjukuu kifuani.

Mtoto yule alipona. Anasoma sasa, na nasikia ni mtundu. Kwenye ripoti yetu tuliandika kwamba ndugu wa kiume wanaweza kushiriki kubeba watoto njiti wakielekezwa vizuri, na tangu hapo dodoso lina jibu la "babu". Ni kweli, na ni kitu kizuri. Lakini naisoma sentensi ile naona imekonda mno.

Maana siku ile ya mazishi niliingia kupima joto la mtoto, nikamkuta mzee anamtazama. Alikuwa amefungua kitenge kidogo, anaangalia uso wake kwa makini sana. Akaniuliza bila kunyanyua kichwa, "Sista, huyu amefanana na mama yake?"

Akaendelea, "Atakua, ataniuliza mama alikuwaje. Mwanangu ni mtu wa safari, mimi ndiye nitakayekuwa nyumbani. Nitamwambia nini? Mimi najua mwendo wake tu, na kanga zake."

Nikamwambia Lusekelo ana picha kwenye simu, atamwonyesha.

"Picha sitazitazama," akasema. "Lakini kuambiwa siyo kutazama. Niambie wewe uliyemwona."

Kichwani mwangu nilikuwa na presha ya Atupele, na mkojo wake, na damu yake, tangu alipofika mpaka mwisho. Nikaviweka pembeni. Nikavuta ndoo nikaigeuza, nikaikalia. Nikamwambia alikuwa mweusi wa kung'aa, uso wa duara. Masikio yake madogo, yamelala kichwani, kama haya haya ya mtoto. Nikamwambia alikuwa anaogopa sindano mpaka anafumba macho kabla haijatolewa kwenye karatasi. Nikamwambia alipenda kusikiliza ule wimbo wa mchana. Mzee anaitikia "ee", "ee", taratibu, kama anayekariri.

Halafu nikaanza kumweleza alivyokuwa akicheka, ule mwanya, na mkono unavyopanda kuuficha. Hapo mzee akageuza uso wake ukutani, akakaa hivyo, kama amekutana naye njiani na anangoja apite.